Mali ya Umma Yauzwa kwa Bei ya Sufuria

Katika mnada wa vyombo vichakavu uliofanyika si zamani sana kwenye uwanja wa chuo kimoja, ambacho hatutakitaja jina, tulimwona dalali akiinua kisanduku cha mbao kilichojaa vikorokoro vya maabara. Mlikuwa na vibano vilivyoshika kutu, mirija ya kioo iliyovunjika midomo, waya zilizojisokota, na kikombe kidogo cha rangi ya kijivu kilichobonyea ubavu mmoja, kimo chake kama finjani ya kahawa. Dalali alikigonga kikombe kile kwa ukucha, akatangaza kuwa ni cha bati, watu wakacheka, na kisanduku chote kikaenda kwa bei ya sufuria mbili. Mnunuzi alilipa, akaomba risiti, akaondoka bila ya kungoja meza na viti viuzwe.

Karibu yetu alikuwa amesimama mzee mmoja aliyekuwa mhudumu wa maabara ya chuo hicho kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Alikuja kutafuta kabati. Yeye ndiye aliyetuambia, mnada ulipokwisha, kwamba kikombe kile kilikuwa cha platini, na ya kuwa enzi zake kilifungiwa ndani ya sefu pamoja na mwenziwe, wala hakikutoka humo pasipo kupimwa uzito na kutiwa sahihi. Tulimwuliza kwa nini hakusema mapema. Alitujibu, "Wanangu, ningemwambia nani? Tangu nilipokabidhi funguo hakuna aliyeniuliza kitu."

Jibu hilo limetukaa moyoni kuliko hasara yenyewe. Kikombe cha namna ile chaweza kuwa na uzito wa gramu 20 au 30, yaani karibu na wakia moja ya masonara, ambayo ni gramu 31.1, na platini ni madini yauzwayo kwa wakia kama dhahabu. Lakini hatumlaumu dalali, kwa kuwa kazi yake ni kuuza alichoandikiwa, naye aliandikiwa "vifaa mbalimbali, kisanduku 1". Wala hatudhani kwamba waliotayarisha orodha ile walikuwa wezi. Twaona kuwa kosa halikutendeka siku ya mnada hata kidogo. Lilitendeka zamani, siku ile neno "platini" lilipodondoka katika daftari la mali, na maarifa yote ya chombo kile yakabaki katika kichwa cha mtu mmoja aliyekuwa akikaribia kustaafu.

Huenda msomaji akauliza: madini ya thamani yatafuta nini katika maabara, mahali pa chupa na moshi? Jibu ni kwamba wakemia hawakuyachagua kwa fahari. Platini haishiki kutu, haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 1,768 za Sentigredi, na tindikali nyingi, kila moja peke yake, haziwezi kuila. Mtu atakaye kujua jiwe au udongo una mchanga kiasi gani husaga kipande chake, akakichanganya na magadi yaliyosafishwa, kisha akaviyeyusha pamoja kwa joto la kiasi cha nyuzi 1,000. Magadi hayo moto hula kigae, na chombo cha chuma huchafua kipimo. Kikombe cha platini hustahimili kazi hiyo mara mia na zaidi, kisha kikasuguliwa na kurudishwa kabatini. Ndiyo maana maabara za miamba, za udongo, za saruji na za migodi zilinunua vyombo hivi kwa gharama kubwa, na ndiyo maana bado vimo katika makabati yao ya zamani.

Kudharauliwa kwa madini haya si jambo geni. Waspania walipoyakuta katika mito ya nchi iitwayo leo Colombia, wakichuja dhahabu, waliyaita "platina", maana yake fedha kidogo au fedha duni, kwa kuwa yaliwasumbua na moto wao haukuweza kuyayeyusha. Serikali yao ilichelea yasichanganywe na dhahabu kwa udanganyifu, na mengine yakatupwa mtoni. Ilimlazimu Mwingereza William Hyde Wollaston, mwanzoni mwa miaka ya 1800, kugundua njia nzuri ya kuyafanya yafulike, naye akapata utajiri kwa kuyauza, pamoja na vikombe kwa ajili ya wakemia. Bwana huyo huyo ndiye aliyegundua paladi mwaka 1802 na rodi mwaka 1804, nazo ni ndugu za platini ambazo tutakutana nazo tena hapa chini. Sisi wa lugha ya Kiswahili, ambao neno letu la "fedha" ni madini na ni pesa pia, yatupasa kuelewa upesi kuliko wengine jinsi jina linavyoweza kumpandisha au kumshusha mtu machoni pa watu, seuze kikombe.

Basi natuseme vitu hivi hujificha wapi, maana kisichojulikana hakilindwi.

Vikombe na visahani tumekwisha kuvitaja. Vingi hupigwa mhuri kitakoni au ubavuni: jina au alama ya mfanyaji, kama Johnson Matthey wa London au Heraeus wa Hanau huko Ujerumani, na pengine namba. Kila kikombe aghalabu huwa na kifuniko chake, sahani ndogo yenye ulimi wa kushikia, nacho hupotea kwanza kwa sababu hakifanani na kitu. Katika maabara za saruji na za migodi zichunguzazo mawe kwa eksirei, kuna vikombe na kalibu za kumiminia kioo kilichoyeyushwa. Hizo huwa za platini iliyotiwa dhahabu asilimia 5 ili kioo kisigande, na uzito wake kwa kawaida hupita ule wa vikombe vya kale. Tazama pia vibano vya kushikia vikombe hivyo. Mwili wa kibano waweza kuwa wa nikeli au chuma, lakini ncha zake mbili zimevishwa viatu vya platini, navyo huvuka mpaka kwenye vyuma chakavu pamoja na kibano.

Halafu kuna tanuri. Tanuri ndogo za umeme zifikazo nyuzi 1,100 au 1,200 hupimwa joto kwa waya za nikeli, ambazo hazina thamani kubwa. Lakini tanuri zifanyazo kazi ya nyuzi 1,400, 1,500 na kuendelea, aghalabu zimewekwa jozi ya waya za platini, ambayo mafundi huiita themokapo: waya mmoja wa platini tupu, na mwingine wa platini iliyochanganywa na rodi asilimia 10 au 13. Waya hizo ni nyembamba, zimo ndani ya mrija mweupe wa kauri ulio mfano wa chaki ndefu. Mrija ukivunjika, fundi huutupa mzima pamoja na vilivyomo. Waya wa unene wa nusu milimita na urefu wa mita moja, ukiwa wa platini tupu, una gramu 4.2, mwenziwe wa rodi asilimia 10 una gramu 3.9, jozi ni gramu 8 na ushei. Tena thamani ya rodi hupanda na kushuka kama jahazi penye mawimbi. Mwezi Machi 2021 wakia moja ya rodi ilipita dola 29,000 za Kimarekani, na katika siku zile ile sehemu moja ya rodi ndani ya waya ilikuwa na bei kubwa kuliko sehemu tisa za platini zilizoizunguka. Hapa lakini tumwonye msomaji: kebo nene yenye gamba la rangi, iendayo kutoka tanuri mpaka kwenye saa ya kusomea joto, si ya platini. Ni ya shaba na nikeli, na wengi wamehangaika kuichuna bure.

Kundi la tatu ni vyombo vya umeme wa kemia. Maabara zilizopima shaba katika mawe zilitumia wavu wa platini uliokunjwa kama mtungi usio na kitako, ukitumbukizwa katika maji ya shaba mpaka shaba yote igande juu yake, kisha ukapimwa uzito. Wavu huo kwa macho ya mtu asiyejua ni kichujio cha chai. Shule za sekondari nazo zina kile chombo cha mirija mitatu cha kutenganisha maji kuwa oksijeni na hidrojeni, kiitwacho voltamita ya Hofmann. Chini ya mirija yake kuna vibamba viwili, ambavyo katika vyombo vingine ni kaboni na katika vingine ni platini. Na kuna vile visanduku vya kioo vya kupimia jinsi maji yapitishavyo umeme, vyenye vibamba viwili vyeusi kana kwamba vimeungua. Weusi ule si masizi. Ni platini yenyewe, imepakwa juu ya platini kwa makusudi, nayo hukwanguliwa na kutupwa na mfagiaji mwenye bidii.

Tusisahau uzi mfupi wa waya uliochomekwa katika ncha ya kijiti cha kioo, ambao wanafunzi hutumia kutazama rangi za chumvi katika moto: njano ya sodiamu, zambarau ya potasiamu. Zamani uzi huo ulikuwa wa platini. Siku hizi mara nyingi ni wa mchanganyiko wa nikeli na kromi. Kuzitenga ni rahisi mno. Upashe moto mpaka uwe mwekundu, uuache upoe: wa platini utabaki waking'aa, na ule mwingine utakuwa umevaa weusi. Thamani yake ni ndogo, sehemu tu ya gramu, lakini sehemu hizo zikikusanywa kutoka shule nyingi si kitu cha kufagia.

Na katika vyuo vyenye hadubini ya elektroni kuna mashine ndogo ya kupaka vielelezo utando wa dhahabu. Ndani yake, juu ya paa la kikasha cha kioo, hubandikwa sahani nyembamba ya dhahabu, au ya dhahabu na paladi. Sahani ya upana wa milimita 57 na unene wa moja ya kumi ya milimita, ikiwa mpya, ni dhahabu ya karibu gramu 5. Mashine ikiharibika pampu yake, huandikwa "mbovu" na kutolewa nje, na hakuna ainamiaye kutazama paa.

Lililo zito kuonekana kuliko yote ni lile lililomo ndani ya chupa, kwa kuwa halifanani na madini. Nitrati ya fedha, ile ya chupa ya rangi ya kahawia, ni fedha asilimia 63 na nusu kwa uzito. Chumvi nyekundu za platini na chumvi za manjano za dhahabu husimama rafuni miaka mingi, karatasi ya jina ikiliwa na mende. Mwaka 1940, majeshi ya Wajerumani yalipoingia Copenhagen, mkemia George de Hevesy alikuwa akifanya kazi katika taasisi ya Niels Bohr, ambamo mlihifadhiwa nishani za dhahabu za Nobel za wataalamu wawili wa Kijerumani, Max von Laue na James Franck. Kuitoa dhahabu nje ya Ujerumani lilikuwa kosa kubwa, na majina ya wenyewe yamechorwa juu yake. Hevesy aliziyeyusha nishani hizo katika mchanganyiko wa tindikali mbili uitwao maji ya kifalme, akaiweka chupa rafuni kati ya chupa nyingine. Maadui walipekua jengo, chupa wakaiacha. Vita vilipokwisha dhahabu ilitolewa tena katika maji yale, na nishani zikafuliwa upya. Wale waliiacha kwa sababu walidanganywa na mtu mwerevu; sisi twaziacha chupa zetu bila ya kudanganywa na mtu yeyote.

Sasa, mtu apatapo kikombe asichokijua, afanyeje? Kwanza akipime kwa mkono wake mwenyewe. Platini ni nzito kupita kiasi. Kikombe chake huushangaza mkono, kama kwamba kimevutwa chini. Pili akisogezee sumaku: nikeli na chuma huvutwa, platini haivutwi. Lakini kipimo kilicho bora, ambacho hakiharibu kitu wala hakihitaji tindikali, ni kile cha maji, ambacho kila mwanafunzi wa fizikia amekisoma kwa jina la Archimedes. Pima kikombe kikavu katika mizani. Kisha kifunge uzi, kining'inize ndani ya maji bila ya kugusa kitako cha chombo wala kubakisha viputo, ukipime tena. Tuseme kikavu ni gramu 25.74, na majini ni gramu 24.54. Kilichopungua ni gramu 1.20. Gawanya 25.74 kwa 1.20, utapata 21.45, nayo ndiyo namba ya platini. Kikombe cha nikeli kingekupa 8.9, cha fedha 10.5, cha dhahabu 19.3. Yafaa kujua kwamba wolframi nayo hutoa 19.3 kama dhahabu, na kwamba maandishi ya mhuri na mashine ya eksirei ni mashahidi wazuri wa kuongeza. Katika masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa nchini mwaka 2019, la kwanza likiwa la Geita, mashine za eksirei za kupimia usafi wa dhahabu si kitu kigeni tena.

Tunamkataza kabisa msomaji kukijaribu kikombe kwa kukitia katika moto wa moshi au kukiyeyushia risasi ndani yake. Risasi na bati huingia katika platini na kuitoboa, na moshi huifanya iwe mepesi ya kuvunjika.

Ni wajibu wetu pia kusema upande wa pili, maana tamaa nayo ina vipofu vyake. Si kila king'aacho kama dhahabu katika maabara kina dhahabu ya kutosha kununua kilo ya sukari. Kioo cha mashine ya mwanga kilichopakwa dhahabu, chenye upana wa sentimita 10 kwa 10, kikiwa na utando wa moja ya elfu kumi ya milimita, kina dhahabu isiyofika hata sehemu mbili za mia za gramu moja. Tumesikia habari za watu waliovunja vyombo vizima, ambavyo shule nyingine ingevitumia miaka kumi, kwa ajili ya utando kama huo. Hata kikombe cha platini kilicho kizima chafaa zaidi kikiwa kikombe. Maabara itakayokihitaji italipa gharama ya madini na ya ufundi pia, hali mfua madini atalipa uzito peke yake.

Kisha kuna hatari ya kufa. Mwezi Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, watu wawili waliingia katika hospitali ya kansa iliyohamwa, wakachukua sehemu ya mashine ya mionzi wakidhani ni chuma cha kuuza. Ndani yake mlikuwa na sesiamu 137. Mwenye duka la vyuma chakavu aliona unga wake unatoa mwanga wa buluu usiku, akaufurahia, akawagawia jamaa na rafiki. Watu wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa kike wa miaka sita, na watu 249 walionekana kuwa wamechafuliwa na mionzi. Maabara za kawaida hazina vitu vikali kiasi hicho, lakini mashine nyingi za kuchanganua gesi zina ndani yake kijisanduku cha nikeli yenye mionzi, na vipima shinikizo vya kale vina zebaki, na ile pamba ya kijivu iliyopakwa platini, iliyotumika kuonyesha jinsi ya kutengeneza tindikali, mara nyingi ni asbesto. Penye alama ya mbawa tatu juu ya rangi ya manjano, bisibisi iwekwe chini, na Tume ya Nguvu za Atomiki ipewe habari. Hakuna wakia ya madini itakayomrudisha mtoto.

Tumesema kwamba kosa huanza daftarini. Hebu tutoe mfano wa daftari lililoshikwa barabara, ijapokuwa kazi yenyewe ilikuwa ya bomu la atomiki na hatuisifu. Mwaka 1942 Wamarekani walihitaji waya nyingi kwa sumaku kubwa za kutenganisha urani huko Oak Ridge, na shaba ilikuwa haba kwa sababu ya vita. Waliazima fedha kutoka Hazina ya nchi yao, zaidi ya tani 13,000, wakaifua kuwa vipande vya kuzungushia sumaku. Fedha hiyo yote ilikuwa ndani ya mashine, imefunikwa, haionekani na apitaye. Lakini ilikuwa imeandikwa kwa uzito tangu siku ya kwanza, na kazi ilipokwisha mbao za sakafu za karakana zilichomwa moto ili majivu yake yatoe chembe zilizodondoka. Ya mwisho ilirudishwa Hazina mwaka 1970, miaka 28 baadaye, na iliyopotea ilikuwa chembe tu ya ile iliyoazimwa. Wale walioipokea sio walioitoa. Wengi wa waliotoa walikuwa wamestaafu au wamekufa. Iliyokumbuka ilikuwa karatasi.

Twapendekeza, basi, kwamba kila maabara ya umma, iwe ya shule, ya chuo, ya hospitali au ya mgodi, iandike vyombo vya namna hii kwa mambo matatu: jina la madini, uzito kwa gramu, na mahali chombo kilipo. "Vikombe 2" si maandishi ya mali, "vikombe 2 vya platini, gramu 25.74 na gramu 27.10, sefu ya mkemia" ndiyo maandishi ya mali. Mhakiki mali ajapo kukagua vyombo vinavyotakiwa kufutwa, asiridhike kuhesabu visanduku. Naye mkuu wa chuo amwite mhudumu wa zamani, hata kama amestaafu miaka kumi, ampe nauli na chai, amzungushe mbele ya makabati yote. Vyombo vya madini ya thamani vitengwe, vitangazwe kwa jina na uzito wake, viuzwe peke yake.

Limebaki swali ambalo tuliulizana njiani tukirudi: yule mnunuzi je, ni mwizi? Baadhi yetu walisema ndiye. Sisi tulio wengi tulikataa. Yeye hakuficha kitu, hakumhonga mtu. Alitazama kilichotandazwa mbele ya macho ya watu wote, akakitambua kwa elimu aliyoitafuta mwenyewe, akalipa bei iliyotajwa. Anayestahili kuchukiwa ni mtumishi ajuaye chombo ni cha nini, akanyamaza siku ya kuandika orodha, kisha akamtuma shemeji yake mnadani. Huyo amekula mali ya watoto wanaosoma kemia kwa kuchora vyombo ubaoni. Wala hatuwezi kumtenga huyo na yule mnyofu asiyejua, maadamu daftari la wote wawili limeandika "vifaa mbalimbali".

Siku chache baadaye tulimwendea yule mzee nyumbani kwake, tukamkuta barazani akitengeneza kiti. Tulimwuliza habari za kile kikombe cha pili. Alisema alipostaafu alikiacha ndani ya sefu, na sefu yenyewe aliiona siku ile ya mnada ikitumika kuegemeza mlango wa stoo, funguo zake hazijulikani ziliko. Vifuniko navyo vilikuwa viwili. Kimoja anakumbuka kilipotea kabla hajastaafu, wakakitafuta juma zima. Cha pili alikiona kwa macho yake, mwaka wa mwisho wa kazi yake, katika chumba cha chai cha walimu, kimefunika bakuli la sukari.